Kandambili Ikichopoka Bila Kujua: Gesi ya Kucheka, B12 na Miguu Inayolegea

Mtu anavuka uwanja wa nyumba, kandambili ya mguu mmoja inachopoka, naye anaendelea hatua tatu nne akiwa peku bila habari. Anakuja kugundua kwa kutazama chini, siyo kwa kuhisi. Siku nyingine umeme unakatika usiku, na yeye aliyekuwa amesimama vizuri tu jikoni anaanza kuyumba kama mtu aliyelewa. Asubuhi, akiinamia beseni kunawa uso na kufumba macho kwa ajili ya sabuni, inabidi ashike ukuta. Akienda rukuu, shingo ikiinama, anasikia kitu kama shoti ya umeme kikishuka mgongoni hadi miguuni.

Dalili hizi nne zikikutana kwa mtu mmoja, hasa kijana ambaye mwezi uliopita alikuwa akiruka ngazi za daladala bila shida, sehemu iliyoumia inajulikana kabla ya kipimo chochote. Ni nyuzi za nyuma za ugwe mgongo, ile kamba ya neva inayopita ndani ya uti wa mgongo. Hizo ndizo zinazopeleka kwenye ubongo habari za mtetemo na za mahali mguu ulipo. Mtu akizipoteza, macho yanafanya kazi ya miguu. Giza likiingia, au macho yakifumbwa, hana tena cha kumwambia unyayo wake uko wapi.

Sababu za hali hiyo ni kadhaa. Naandika kuhusu moja ambayo huku kwetu Dar es Salaam haiulizwi karibu kabisa, nayo ni kuvuta gesi ya nitrasi oksidi, inayoitwa gesi ya kucheka. Haiulizwi kwa sababu watu wengi wanaamini gesi hii huingia mapafuni na kutoka, na mambo yakaishia hapo. Kuhusu gesi yenyewe wako sahihi, maana mwili hauichakati, na mtu anaitoa karibu yote kwa pumzi ndani ya dakika chache. Lakini inapopita inaharibu kitu kimoja, na uharibifu huo haurekebishiki kwa dakika.

Inaharibu nini hasa

Vitamini B12 ina chembe moja ya kobalti katikati yake. Kobalti hiyo lazima ibaki katika hali fulani ya kikemia ili iweze kupokea na kutoa kundi la methili. Nitrasi oksidi ikiifikia, inaioksidisha, yaani inafanya kile ambacho kutu hufanya kwenye msumari. Kimeng'enya kilichokuwa kikitumia B12 hiyo, kile kinachogeuza asidi amino iitwayo homosisteini kuwa nyingine iitwayo methionini, kinakufa pamoja nayo. Mwili hauwezi kukifufua, ni lazima utengeneze kingine kipya, na kazi hiyo inachukua siku kadhaa.

Ukitaka kujua kasi yake, vipimo vilivyofanywa miaka ya 1980 kwa wagonjwa waliokuwa kwenye meza ya upasuaji wakivuta gesi ya asilimia 70 vilionyesha kwamba nusu ya nguvu ya kimeng'enya hicho kwenye ini inapotea kwa takriban dakika 46. Mtu mwenye akiba nzuri ya B12 anavumilia saa moja au mbili za aina hiyo bila kuonyesha dalili yoyote. Asiye na akiba anaweza kutoka salama kwenye upasuaji, akarudi nyumbani Mbagala au Tegeta, kidonda kikapona, kisha baada ya wiki mbili hadi sita miguu ikaanza kufa ganzi. Kufikia hapo hakuna anayekumbuka dawa ya usingizi.

Methionini ikikosekana, mwili unashindwa kutunza mielini, ala ya mafuta inayozunguka neva kama mpira unavyozunguka waya wa umeme. Nyuzi ndefu ndizo zinazoumia mwanzo, na ndiyo maana ganzi huanzia kwenye vidole vya miguu na baadaye kupanda. Mikono inafuata: vifungo vya shati vinakuwa kazi, na ukiingiza mkono mfukoni huwezi kutofautisha sarafu ya mia na ya mia mbili bila kuitoa uiangalie. Uharibifu ukienea kwenye nyuzi za pembeni za ugwe, zile zinazoamuru misuli, ndipo miguu inapokuwa mizito, inakakamaa na kukosa nguvu. Wengine mkojo unawasumbua, unagoma au unatoka bila taarifa. Wanaume wengine wanapoteza nguvu za kiume na hawasemi, na mimi nasisitiza lisemwe, kwa sababu ni neva ileile.

Akili nayo inaguswa. Usahaulifu, huzuni nzito, hata kuona au kuamini mambo yasiyokuwepo, vyote vimeandikwa katika ripoti za kitabibu. Familia ikiona kijana analegea miguu huku anazungumza ovyo, ni rahisi kufikiria amerogwa au ana mapepo, na wiki zinapotea. Ombeni, hakuna anayekatazwa. Ila siku hiyohiyo apelekwe pia hospitali, kwa sababu kila wiki inayopita inapunguza kiasi kitakachorudi.

Haya si mapya. Gesi yenyewe ilitengenezwa na Joseph Priestley mwaka 1772, na daktari wa meno Horace Wells wa Marekani aliijaribu kwa kung'oa meno mwaka 1844. Onyo la kwanza kubwa lilitoka Denmark mwaka 1956, ambako wagonjwa wa pepopunda waliolazwa usingizi kwa gesi hii siku kadhaa mfululizo waliacha kutengeneza seli za damu kwenye uboho. Kisha mwaka 1978 daktari Robert Layzer akaeleza wagonjwa 15 waliokuwa na ganzi, kuyumba na miguu dhaifu. Kati yao 14 walikuwa madaktari wa meno. Wengi walikuwa wakiivuta wenyewe kwa starehe, lakini wawili walikuwa wakiipata kazini tu, katika vyumba vyenye hewa nzito. Hao wawili ndio wanaonifanya nirudi kwenye kliniki zetu hapa chini.

Kipimo kinachodanganya

Hapa ndipo wagonjwa wanapopotezwa, na kama kuna sehemu moja ya kusoma mara mbili ni hii.

Daktari akishuku upungufu, anaandika kipimo cha B12 kwenye damu. Majibu yanarudi: kawaida. Faili linafungwa. Tatizo ni kwamba kipimo hicho kinahesabu B12 iliyopo, hakiulizi kama inafanya kazi. Ni sawa na kuhesabu funguo mezani bila kujua kwamba zote zimeshika kutu na haziingii kwenye kitasa. Mtu aliyevuta nitrasi oksidi anaweza kuwa na B12 ya kutosha kwenye karatasi na ugwe mgongo unaoharibika. Wengine wakishaanza kusikia ganzi wanakunywa vidonge vya vitamini kutoka duka la dawa, na hapo namba ndiyo inapendeza zaidi.

Vipimo vinavyosema ukweli ni viwili. Cha kwanza ni homosisteini, ambayo inapanda kwa sababu kimeng'enya cha kuigeuza kimekufa. Cha pili ni asidi ya methilmaloniki, inayopanda pale B12 inapokwama katika kazi yake ya pili. Gesi inaigusa homosisteini mapema na kwa nguvu zaidi. Asidi ya methilmaloniki inafuata kadiri uvutaji unavyoendelea.

Sampuli ya homosisteini inahitaji nidhamu. Seli nyekundu zinaendelea kuitoa hata baada ya damu kuchotwa, kwa hiyo chupa ikikaa juu ya meza kwenye joto la Dar saa tatu ikisubiri mtu wa kuipeleka maabara, majibu yatakuwa juu kwa uongo. Iwekwe kwenye barafu palepale, na damu izungushwe kwenye mashine na kutenganishwa ndani ya saa moja. Kama kituo hakiwezi, afadhali mgonjwa aende mwenyewe kuchotewa kwenye maabara itakayopima. Na damu ichotwe kabla ya sindano ya kwanza ya B12, kwa sababu baada ya sindano namba zote mbili zinashuka. Ikishachotwa, sindano ipigwe. Kusubiri majibu wiki mbili ndipo uanze tiba ni kosa ambalo siwezi kulitetea, maana dawa yenyewe ni salama na ya bei nafuu.

Picha kamili ya damu nayo isikupe amani ya bure. Vitabu vinasema upungufu wa B12 hufanya seli nyekundu kuwa kubwa. Lakini upungufu wa madini chuma hufanya seli kuwa ndogo, na huo ni wa kawaida sana kwetu, hasa kwa wanawake. Vikikutana, wastani unatoka wa kawaida kabisa. Folati (vitamini B9, ambayo kwenye vidonge huitwa asidi ya foliki) inaficha pia: mtu anayekula mchicha na maharage kila siku, au mjamzito anayemeza vidonge vya FEFO, vya madini chuma na folati, alivyopewa kliniki, damu yake inaweza kuwa nzuri wakati neva zinaendelea kuumia. Na kipimo cha mkojo cha dawa za kulevya hakiioni gesi hii.

Kisha MRI, picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku. Miguu ndiyo inayolegea, kwa hiyo fomu inaandikwa kiuno. Mgonjwa anachangiwa na ndugu, anapigwa picha, majibu: kawaida. Ugwe mgongo kwa mtu mzima unaishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno, chini ya hapo ni mkia wa neva tu. Uharibifu wa nitrasi oksidi hupenda shingo. Fedha ya picha moja ikipatikana, itumike kwenye shingo, na mpiga picha aombwe vipande vya kukata kwa kukingama (axial) vya aina ya T2. Kinachotafutwa ni weupe kwenye nyuzi za nyuma, mara nyingi wenye umbo la V iliyopinduliwa. Picha safi haiondoi ugonjwa, kwa sababu wapo wenye dalili kamili na picha isiyo na kitu, hasa wanapowahi.

Uchunguzi wa mkono bado ni bora kuliko mashine katika hatua ya kwanza. Uma wa kupimia mtetemo wa hezi 128 uwekwe kwenye kidole gumba cha mguu, kisha kwenye kifundo. Kidole gumba kishikwe pembeni, siyo juu na chini, kisogezwe polepole huku mgonjwa amefumba macho, aseme kimepanda au kimeshuka. Asimame miguu pamoja, afumbe macho, na mchunguzi asimame karibu ya kumdaka, kwa sababu wengine wanaanguka kweli. Kisha refleksi, yaani misuli inavyojibu yenyewe ikigongwa. Kinachoshangaza wengi ni mchanganyiko wake: kifundo hakiitiki kabisa, lakini unyayo ukikunwa kidole gumba kinapanda juu badala ya kushuka. Neva za pembeni na ugwe vimeumia kwa pamoja. Kisukari peke yake hakitoi picha hiyo.

Hapo lazima niseme jambo la haki. Tanzania ina magonjwa mengine mengi yanayolegeza miguu, na mengi yanapatikana kuliko gesi hii. Kifua kikuu cha uti wa mgongo huja na maumivu ya mgongo, mara nyingi pamoja na homa na kukonda. Konzo, ugonjwa wa kupooza miguu ulioripotiwa Tarime miaka ya 1980 na baadaye Mtwara, inatokana na mihogo michungu isiyolowekwa au kukaushwa vya kutosha. Inamshika mtu ghafla, miguu yote miwili inakakamaa, lakini hisia za ngozi zinabaki. VVU, kaswende na kichocho vyote vinaweza kufika kwenye ugwe. Anayetumia dawa za kifua kikuu zenye isoniazidi bila vitamini B6 anaweza kuhisi nyayo zikiungua. Kwa hiyo kugundua kwamba mtu alivuta gesi hakumruhusu daktari kuacha kupima VVU na kaswende. Ninachodai ni swali moja liongezwe kwenye orodha, liulizwe kwa upole na bila mzazi chumbani: umewahi kuvuta gesi kutoka kwenye puto, kichupa au mtungi, au kufanya kazi mahali inapotumika?

Nani yuko hatarini hapa mjini

Mwoka keki anayetumia vichupa vidogo vya chuma kuumua krimu hana sababu ya kuogopa kazi yake. Kichupa kimoja kina gramu 8, chombo cha nusu lita kinachukua kimoja, cha lita moja viwili, na gesi inaingia kwenye krimu. Anachovuta yeye ni kidogo mno. Hatari inaanza pale kichupa kinapoacha krimu na kuingia kwenye puto. Gramu 8 zinatoa lita 4 na kitu za gesi. Mtungi mkubwa wa gramu 640 ni sawa na vichupa 80, na hakuna anayevuta kutoka kwenye mtungi huo anayehesabu. Uingereza iliona madhara ya kutosha hadi ikaiweka gesi hii katika kundi C la dawa za kulevya tarehe 8 Novemba 2023, ikiacha matumizi halali ya hospitali na jikoni.

Kuivuta moja kwa moja kutoka kwenye chuma kuna baya lake la papo hapo. Gesi hii huchemka kwenye nyuzi 88 chini ya sifuri, na inapofumuka inagandisha midomo, ulimi na koo. Na ile inayowekwa kwenye injini za magari ya mbio mara nyingi huongezwa salfa dioksidi makusudi, ambayo inachoma mapafu.

Wanaonihofisha zaidi ni wasiojua kabisa kwamba wamo kwenye orodha. Mgonjwa wa kisukari aliyemeza metformini miaka mingi. Mwenye vidonda vya tumbo anayeishi kwa omeprazoli. Aliyekatwa sehemu ya tumbo. Mzee anayekula ugali na mboga za majani, nyama akiiona Idi au Krismasi. Jirani zetu wa Kisutu na Upanga wasiokula nyama wala mayai kwa imani yao. B12 haimo kwenye unga, mchicha wala maharage. Iko kwenye maini, dagaa, samaki, mayai na maziwa, na mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 tu kwa siku. Mafungu machache ya dagaa kwa wiki yanamtosha mwenye tumbo zima.

Mtu wa kundi hili akienda kufanyiwa upasuaji, amwambie mtaalamu wa usingizi kabla ya siku yenyewe: natumia metformini tangu mwaka fulani, au sili vitu vya wanyama. Haombi makubwa. Usingizi unaweza kutolewa kwa hewa na oksijeni pamoja na dawa nyingine, nitrasi oksidi ikaachwa kabisa.

Mama mjamzito anayevuta mchanganyiko wa nusu oksijeni na nusu nitrasi oksidi kwa saa chache za uchungu, akiwa na lishe ya kawaida, asitishike. Mpaka unaotajwa na watengenezaji wa mchanganyiko huo ni saa 24 mfululizo, au kurudia mara nyingi kuliko kila siku ya nne. Ukivuka hapo, damu ifuatiliwe. Mgonjwa wa majeraha ya moto anayefungwa kidonda kila asubuhi kwa gesi hiyo anavuka mpaka huo wiki ya kwanza tu, na wodini hilo husahaulika kwa sababu kila dozi peke yake ni ndogo.

Chumba chenye AC na mlango uliofungwa

Hesabu hii ifanywe na kila mwenye kliniki ya meno anayetumia gesi. Chumba cha mita 4 kwa 4, dari mita 3, kina lita 48,000 za hewa. Taasisi ya Marekani inayoshughulikia afya kazini, NIOSH, inapendekeza mfanyakazi asivute zaidi ya sehemu 25 kwa milioni kwa wastani wa muda gesi inapotumika. Katika chumba hicho, sehemu 25 kwa milioni ni lita 1.2 tu. Mgonjwa anayepewa lita 6 kwa dakika, nusu yake nitrasi oksidi, anatoa lita 3 kila dakika. Pasipo mfumo wa kuinyonya, mpaka umevukwa kabla ya dakika moja. Baada ya nusu saa, mlango ukiwa umefungwa, ni lita 90, yaani karibu sehemu 1,900 kwa milioni.

Na AC? Ile ya kubandika ukutani inazungusha hewa ileile. Inaipoza, haiibadilishi. Huo ndio mtego wa Dar: joto linatufanya tufunge madirisha, tukihisi baridi tunadhani hewa ni safi. Pua nayo haisaidii, harufu yake ni tamu na hafifu, na anayekaa ndani anaizoea.

Kinachotakiwa ni barakoa ya pua yenye ganda la pili linalonyonya hewa anayotoa mgonjwa, kwa kasi ya lita 45 kwa dakika, na bomba lake limwagwe nje ya jengo, mbali na dirisha na mbali na mahali AC au feni inapovuta hewa. Nimesema nje. Bomba linaloishia kwenye korido au juu ya dari ya bandia limehamisha tatizo kwa mhudumu wa mapokezi. Barakoa iwe saizi ya uso: ya mtu mzima kwa mtoto wa miaka sita inavuja pande zote. Mgonjwa asizungumze gesi inapotoka. Gesi isiwashwe kabla ya barakoa kukaa, na mwishoni apewe oksijeni tupu dakika 5 barakoa ikiwa bado usoni, ili anachotoa kinyonywe na mashine, siyo na msaidizi aliyemwinamia. Msaidizi ndiye anayekaa karibu na pumzi hiyo siku nzima. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1992 ulikuta wasaidizi wa meno waliokaa na gesi isiyonyonywa saa 5 au zaidi kwa wiki walichelewa kushika mimba.

Uvujaji mwingine uko kwenye mtungi na mipira. Maji ya sabuni kwa brashi kwenye kila kiungo, kila mtungi unapobadilishwa: mapovu yakikua, kaza au badilisha wosha. Usipake mafuta wala grisi kwenye valvu, kwa sababu gesi hii inachochea moto kama oksijeni. Mpira wenye nyufa ubadilishwe, usifungwe kwa utepe.

Geji ya mtungi wa nitrasi oksidi nayo inahitaji kueleweka. Ndani kuna kimiminika, na geji inaonyesha mgandamizo wa mvuke juu yake, takriban bari 50 kwenye nyuzi 20, na bari 60 na kidogo kwenye nyuzi 30 za hapa kwetu. Itabaki hapohapo hadi kimiminika kiishe, kisha itaanguka ghafla. Kujua kilichobaki, pima mtungi kwa mizani na utoe uzito wa mtungi mtupu uliogongwa shingoni. Ukiandika uzito kila jioni utagundua pia mambo mawili ambayo geji haitakuambia: mtungi unaovuja usiku, na mtu anayevuta baada ya kazi. Mtungi ufungiwe, ufunguo uwe na mtu anayejulikana.

Juu ya nyuzi 36.4 kimiminika chote kinageuka gesi, na mgandamizo unapanda haraka. Ndiyo sababu mitungi ya nchi za joto hujazwa kwa uwiano wa 0.67 (uzito wa gesi kwa uzito wa maji yanayoweza kujaa mtungi huo), si 0.75 wa nchi za baridi. Mtungi uliojazwa kwa kipimo cha baridi, ukaachwa nyuma ya gari lililofungwa juani Ubungo, ni hatari ya aina nyingine kabisa.

Tiba

La kwanza ni kuacha gesi, kabisa. Sindano ya B12 kwa mtu anayeendelea kuvuta ni maji kwenye gunia, maana kila puto linaoksidisha kile kilichoingizwa asubuhi. Kama ni mfanyakazi, atolewe kwenye chumba hicho hadi hewa ipimwe.

Kisha sindano. Haidroksokobalamini miligramu 1 ndani ya msuli, siku moja ndiyo siku moja hapana, hadi nafuu ifike mahali isisogee tena, ndipo iwe kila miezi miwili. Palipo na sianokobalamini, utaratibu unaotumika sana ni miligramu 1 kila siku kwa wiki moja, kisha kila wiki kwa mwezi, kisha kila mwezi. Aliyedhurika kwa gesi tu, na ambaye tumbo na lishe yake ni nzima, hatahitaji sindano maisha yake yote. Mwenye sababu ya kudumu ya upungufu atazihitaji.

Soma lebo ya kichupa. Sindano nyingi zinazoitwa za B komplexi zina mchanganyiko, na kama B12 yake haifiki mikrogramu 1,000, siyo dozi hii. Vidonge vya mchanganyiko wa B1, B6 na B12 vinavyouzwa kwa ajili ya ganzi vina tatizo la ziada: baadhi vina miligramu 100 hadi 200 za B6 kwa kidonge, na B6 nyingi kwa miezi inaharibu neva za hisia yenyewe. Mtu anameza tatu kwa siku akitibu ganzi, ganzi inaongezeka, anaongeza vidonge.

Asidi ya foliki isitangulie B12. Ianze baada ya sindano, au pamoja nazo, kwa sababu peke yake inarekebisha damu na kuacha neva zikiteketea kimyakimya.

Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikikatika ghafla, usiseme ni ugonjwa uleule. Homosisteini iliyopanda inaongeza uwezekano wa damu kuganda kwenye mishipa, na donge likifika mapafuni linaua. Hiyo ni dharura ya saa hiyo, kama ilivyo mkojo kugoma kabisa, ganzi ya sehemu za siri, au udhaifu unaopanda siku hadi siku kuelekea kifua.

Nafuu huja polepole, kwa wiki na miezi. Waliowahi hurudi karibu walivyokuwa, waliochelewa hubaki na ganzi ya nyayo au mguu mzito. Mazoezi ya viungo yaanze mapema: kusimama miguu pamoja mbele ya kioo, kutembea kisigino kwa kidole kando ya ukuta, kuinuka kwenye kiti bila mikono, kila siku, muda mfupi mara nyingi. Nyumbani iwepo taa ya chaji kwenye njia ya kwenda chooni, kwa sababu umeme ukikatika ndipo anapoanguka. Kandambili ziwekwe kando, avae viatu vya kufunga kisigino, na jioni nyayo zikaguliwe kwa macho, maana msumari au kaa la moto hatausikia. Bodaboda asiendeshe hadi aweze, macho yamefumbwa, kusema kidole gumba cha mguu wa breki kimepanda au kimeshuka, mara kumi kwa kumi.